Jioni ya Japani bustanini Kigoma: shajara ya mradi, Aprili hadi Julai 2024

Jumamosi, 20 Aprili

Kamati imekubaliana kwamba jioni ya familia ya utamaduni pendwa wa Japani itafanyika Jumapili, 7 Julai, katika bustani ya umma iliyo juu ya ziwa, kuanzia saa kumi jioni hadi saa tatu na nusu usiku. Tarehe hiyo ina faida kwa pande zote mbili. Kwetu ni Sabasaba, na familia nyingi huwa pamoja. Kwa Wajapani ni siku ya Tanabata, ambapo watoto huandika matakwa yao kwenye vipande vyembamba vya karatasi za rangi na kuvifunga kwenye matawi ya mianzi, ingawa miji mingine, kama Sendai, huisherehekea mwezi Agosti.

Hoja iliyotuchukua muda mrefu zaidi ni ya kiini cha jioni yenyewe. Vijana wa kamati walipendekeza skrini kubwa na katuni za Kijapani, na hoja yao ina msingi, kwa kuwa watoto wa Mwanga na Gungu, mitaa ya mji wetu, wanamfahamu Naruto kama wanavyowafahamu wachezaji wa Simba na Yanga. Nilipinga kwa sababu tatu. Kuonyesha filamu mbele ya umma kunahitaji idhini ya mwenye hakimiliki, ambayo hapa nchini inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nasi hatuna njia ya kuipata idhini hiyo kabla ya Julai. Jua la Kigoma mwezi huo huzama karibu saa moja jioni, kwa hiyo picha isingeonekana vizuri kwa zaidi ya nusu ya muda wetu. Sababu ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi kwangu: mtoto anayeletwa bustanini kutazama skrini anafanya kile kile anachokifanya nyumbani kwenye simu ya kaka yake, na mzazi aliyekaa kando yake hana la kufanya.

Badala yake nilipendekeza kamishibai, yaani hadithi inayosimuliwa kwa kadi za picha, na baada ya maelezo kamati imekubali. Katika miaka ya 1930 msimulizi wa kamishibai alizunguka mitaa ya miji ya Japani akiwa na baiskeli, na juu ya keria amefunga kisanduku cha mbao. Alipofika mahali alipopazoea, aligonganisha vipande viwili vya mti, watoto wakakusanyika, akawauzia peremende, kisha akaanza kusimulia huku akichomoa kadi moja moja zilizochorwa, hadi pale shujaa alipokuwa katika hatari kubwa kabisa; hapo alifunga kisanduku na kuahidi kuendelea kesho. Wasimulizi kadhaa walikuwa wametoka katika kazi ya benshi, yaani mtu aliyesimama pembeni ya filamu zisizo na sauti na kuzieleza kwa hadhira, kazi iliyopotea filamu zenye sauti zilipoingia. Runinga ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, ilipoanza kurusha matangazo mwezi Februari 1953, watu waliiita kamishibai ya umeme, na baadhi ya wachoraji wa kadi, akiwemo Mizuki Shigeru, wakahamia kwenye manga, yaani vitabu vya hadithi za katuni vya Kijapani. Mtu anayependa manga leo anapenda kitu ambacho sehemu ya mizizi yake iko katika kisanduku kile, na kisanduku tunaweza kukitengeneza hapa hapa.

Jambo lililonipa uhakika zaidi ni kwamba benshi hana ugeni wowote kwa watu wetu. Kila aliyewahi kuingia katika kibanda umiza anaijua sauti ya kijana anayetafsiri filamu, anayewapa wahusika wote maneno, lafudhi na hasira zao. Sauti tunazo tayari, na kazi iliyobaki ni kuzipatia picha.

Jumamosi, 4 Mei

Nimekwenda Ujiji kwa mzee seremala aliyekubali kututengenezea visanduku vitatu. Tumeamua vitatu kwa sababu kamishibai haifai kwa umati: kadi ina upana wa takriban sentimita 38 na kimo cha sentimita 26, na mtoto aliyekaa mbali hataona uso wa mhusika. Badala ya kisanduku kimoja chenye vipaza sauti, kutakuwa na vikundi vitatu vidogo chini ya miti mitatu, kila kimoja na msimulizi wake.

Baada ya shikamoo na marahaba nilimwonyesha mchoro, akaukalia kimya kwa muda, halafu akauliza, "Sasa mwanangu, kama picha inawatazama watu, huyo msimulizi maneno atayasoma wapi?" Nilimwonyesha kwa vipande vya karatasi. Maneno ya picha ya kwanza huandikwa nyuma ya kadi ya mwisho, ambayo ndiyo inayomwelekea msimulizi. Akimaliza, huichomoa kadi ya kwanza kwa ubavuni na kuirudisha nyuma ya nyingine zote, na nyuma ya kadi hiyo ndipo palipoandikwa maneno ya picha ya pili, ambayo sasa iko mbele ya watoto. Mzee alirudia zoezi hilo mwenyewe mara kadhaa, kisha akaubadilisha mchoro wangu: mwanya wa ubavuni ataupiga msasa hadi uwe laini kabisa na kuupaka nta ya mshumaa, ili kadi isikwame katikati ya hadithi. Kisanduku kitakuwa cha plaiwudi yenye milango midogo ya bawaba inayofunguka kama jukwaa, na vipande vya kugonganisha vitatokana na masalia ya mninga aliyonayo karakanani. Aligonganisha viwili palepale, na watoto waliokuwa wakicheza uwanjani walikuja mlangoni kabla hajasema neno.

Jumamosi, 18 Mei

Kibali cha kutumia bustani kimetolewa, kwa masharti ya kawaida ya usafi, sauti na muda wa kumaliza.

Kuhusu chakula, ziwa limefungwa tangu Jumatano, 15 Mei, hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka Tanganyika, ili samaki wapate kuzaliana. Mama lishe wanaotuhudumia wameshaweka akiba ya dagaa wakavu waliovuliwa kabla, na hao ndio watakaowekwa ndani ya matonge ya wali. Mchele wetu mrefu haushikamani kama ule mfupi wa Kijapani, kwa hiyo wameujaribu kwa maji mengi zaidi, wakaufinyanga ukingali wa moto kwa mikono iliyolowa maji ya chumvi, na umeshika. Mwani wa kufungia haupatikani hapa. Jani la mgomba lililopitishwa motoni likalegea linafanya kazi hiyo vizuri. Kashata za karanga zitachukua nafasi ya peremende za msimulizi, ila kwetu kila mtoto atapewa, kwa sababu sipendi ule utaratibu wa zamani wa walionunua kukaa mbele na wasio na senti kusimama nyuma.

Jumamosi, 1 Juni

Hadithi imepatikana, na inatoka katika mkoa wetu wenyewe. Mwaka 1965 Nishida Toshisada wa Chuo Kikuu cha Kyoto alifika Kasoje, chini ya milima ya Mahale, zaidi ya kilometa mia moja kusini mwa mji huu, kuwatafiti sokwe. Sokwe waliwakimbia watu, kama ilivyo kawaida yao. Watafiti walipanda miwa ili kuwavuta, na mwaka 1966 kundi lililopewa jina la K likaanza kuwazoea. Watongwe wenyeji wa milima hiyo walizijua njia, majina ya mimea na nyayo, na bila wao kazi isingeanza. Mahale ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985, Nishida alifariki mwaka 2011, na utafiti wa Wajapani haujakoma hadi leo. Kigoma inaitaja sana hifadhi ya sokwe ya Gombe, na ni haki, lakini Mahale ni hadithi ya Japani na Kigoma kwa pamoja, na watoto wengi tuliozungumza nao hawakuwa wameisikia.

Darasa la kuchora limeanza na likizo ya Juni. Kila seti itakuwa na kadi kumi na mbili, na masharti niliyowapa watoto ni mawili: wasinakili mhusika wa mtu mwingine, na kila kadi ieleweke kwa mtu aliyekaa hatua kumi kutoka kisandukuni. Sharti la pili ni gumu kuliko linavyosikika. Mtoto aliyezoea kuchora daftarini hujaza majani, ndege na mawingu, kumbe kadi inataka mistari minene na umbo moja kubwa. Niliwaeleza jinsi mchoraji wa manga Tezuka Osamu alivyokabiliana na uhaba alipoanza kurusha katuni yake ya Tetsuwan Atomu kwenye runinga tarehe 1 Januari 1963: fedha na muda havikutosha kuchora kila mwendo, hivyo studio yake ilitumia picha chache kwa kila sekunde, ikauacha mwili umetulia na mdomo peke yake ukicheza, ikatumia tena michoro iliyokwisha kutumika, na muziki na sauti vikabeba kilichobaki. Katuni za Kijapani za runinga zilikua katika njia hiyo ya picha chache. Watoto walielewa mara moja, na mmoja alifuta nusu ya kadi yake bila kuambiwa.

Kadi iliyonishangaza ni ya nane, iliyochorwa na binti wa darasa la sita. Inawaonyesha sokwe wawili wameketi wakitazamana. Kila mmoja ameinua mkono mmoja juu, mikono hiyo imeshikana juu ya vichwa vyao kama nguzo za paa, na kwa mikono iliyobaki wanasafishana manyoya ya kwapani. Desturi hiyo ilielezwa na wanasayansi katika makala ya mwaka 1978 kutokana na sokwe wa Mahale, nao waliona ni jambo kubwa kwa sababu sokwe wa Gombe, walio katika ufuo huo huo wa ziwa upande wa kaskazini, hawakuwa nayo. Binti huyo ameacha mandhari yote meupe, akaweka rangi nyeusi ya sokwe na mstari mmoja wa kijani chini yao, na macho yako hayana pa kwenda isipokuwa kwenye ile mikono iliyoshikana.

Jumamosi, 15 Juni

Wasimulizi watatu wamefanya mazoezi na visanduku vilivyokamilika. Wa kwanza ni kijana anayetafsiri filamu katika banda la video la Mwanga, wa pili ni bibi wa Ujiji anayejulikana kwa ngano zake, na wa tatu ni mwalimu wa shule ya msingi.

Kijana ana sauti tunayoihitaji, lakini bandani amezoea kushindana na kelele za filamu na jenereta, hivyo hajiruhusu kunyamaza hata kidogo. Kamishibai inaishi kwa ukimya unaokuja wakati kadi inachomolewa. Tumefanya naye zoezi la kuchomoa nusu: kadi ya miwa inavutwa hadi katikati, na katika nusu iliyofunuka ya kadi inayofuata unaonekana mkono mweusi tu, wenye manyoya, ukiingia kutoka pembeni. Hapo msimulizi ananyamaza, watoto wanaanza kubishana ni mkono wa nani, na kadi inamalizika kuchomolewa pale tu ubishi unapopamba moto. Bibi hakuhitaji kufundishwa hilo. Aliishika kadi nusu njia, akaanza kuuliza watoto wa mazoezi habari za nyumbani kwao, akawaacha wakihangaika, kisha akaimalizia kwa ghafla. Pia ndiye aliyeamua kwamba baada ya mlio wa mninga mwanzo uwe ule ule tunaoujua, "Paukwa!" na watoto waitike "Pakawa!", na wenzake wote wamekubali.

Jumamosi, 22 Juni

Mavazi ya wahusika wa katuni za Kijapani, ambayo vijana watayavaa katika matembezi ya jioni hiyo, yanaendelea vizuri na sina mengi ya kuandika. Vijana wanashona kwa vitenge na kukata maboksi. Silaha zote ni za sponji ya magodoro, na barakoa zinazofunika uso wote hazitaruhusiwa, ili mzazi aweze kumtambua mwanawe jioni. Kijana mmoja ameshona vazi la rangi ya chungwa na buluu kwa heshima ya Toriyama Akira, mchoraji wa Dragon Ball, aliyefariki tarehe 1 Machi mwaka huu, na kamati imempa nafasi ya kutangulia katika matembezi.

Kuhusu ngoma, tumechagua mtindo wa Bon Odori, ambao watu hucheza kwa mduara kuzunguka jukwaa, kila mtu akitazama mgongo wa aliye mbele yake, bila mtazamaji na mchezaji kutenganishwa. Miondoko tuliyoichukua ni ya wachimbaji wa makaa ya mawe wa Fukuoka: unachimba, unatupa makaa nyuma ya bega, unakinga uso kwa kiganja na kutazama, unasukuma toroli, unafungua mikono. Kila mwondoko ni kazi inayoeleweka, kwa hiyo akina mama waliokuja na watoto wao mazoezini waliikamata kabla ya vijana. Hatutatumia rekodi, wapiga ngoma wetu wataupiga mdundo huo wenyewe.

Jumamosi, 29 Juni

Mianzi imefika na itasimamishwa pembezoni mwa njia ya kuingilia. Vipande vya matakwa vimekatwa kutoka kwenye masalia ya karatasi za manila za kadi. Taa za karatasi zitawashwa kwa balbu ndogo za sola, kwa kuwa nyasi za bustani zimekauka na sitaki mshumaa hata mmoja karibu nazo.

Wazazi wawili waliuliza, kwa adabu na kwa uwazi, kama kufunga matakwa kwenye mianzi ni ibada. Ni swali linalostahili jibu kamili. Ngano ya Tanabata inatoka Uchina na inahusu nyota mbili, binti mfumaji na mchunga ng'ombe, waliotenganishwa na ule ukanda mweupe wa nyota na wanaokutana mara moja kwa mwaka, usiku wa saba wa mwezi wa saba. Japani ya leo huiadhimisha shuleni, madukani na hata katika stesheni za treni kama furaha ya watoto, na hapa tutaifanya kama somo la anga. Ratiba imesogezwa ili kuwe na mapumziko wakati wa magharibi, na anayetaka kumwandikia mtoto wake lengo la masomo badala ya matakwa yuko huru. Wazazi hao wamekubali, na mmoja amejitolea kuleta majamvi.

Somo la anga lenyewe limepangwa saa tatu usiku. Mwezi mwandamo utakuwa mchanga na utakuwa umetua mapema, hivyo anga itakuwa na giza la kutosha. Vega, yaani binti mfumaji, itakuwa kaskazini mashariki na Altair, mchunga ng'ombe, mashariki, zote juu ya vilima, upande usio wa ziwa. Mwanga wa Vega huchukua takriban miaka 25 kutufikia na wa Altair takriban miaka 17, na mwalimu atawaomba watoto wamtafute katika familia zao mtu aliyezaliwa mwanga huo ulipoanza safari.

Jumatatu, 8 Julai

Jioni imefanyika, na naiandika ingali mbichi kichwani. Familia zilianza kuingia mapema, zikatandika mikeka chini ya miembe, na kufikia saa kumi na moja vikundi vyote vitatu vya kamishibai vilikuwa vimejaa. Upepo wa ziwa ulijaribu kuzibeba kadi, lakini mwanya wa mzee seremala ulizishika. Matonge ya wali yaliisha kabla ya magharibi, na mwakani yaandaliwe mengi zaidi. Mduara wa ngoma ulikua hadi ukaizunguka bustani, babu na wajukuu wakichimba makaa kwa pamoja, na hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu kila mtu aliyekuwa bustanini wakati huo alikuwa na kazi ya kufanya.

Watoto hawakukaa kisanduku kimoja. Baada ya kumsikiliza bibi walikimbilia kwa kijana wa banda la video kuisikia hadithi ile ile kwa sauti nyingine, na wengine walirudi tena kwa bibi kumwambia alichokisahau. Kadi zilikuwa zile zile na hadithi zilikuwa tatu. Kijana aliwapa sokwe hasira na vichekesho; bibi aliwapa aibu na busara; mwalimu alieleza mimea. Hakuna skrini ambayo ingetupa jambo hilo.

Wakati wa kadi ya tano, kwa bibi, mzee mmoja Mtongwe aliyekuwa amekaa nyuma na wajukuu zake aliinua mkono akaomba radhi kwa kukatiza. Kadi hiyo inamwonyesha mtafiti akipanda mlima akiwa mbele, na wenyeji wawili nyuma yake wamebeba mizigo. "Dada yangu," alimwambia bibi, "mgeni hawezi kutangulia katika msitu asioujua. Anayeijua njia ndiye anayekuwa mbele na panga." Bibi aliirudisha kadi kisandukuni, akamwomba aje mbele aisimulie yeye. Alisimulia namna njia inavyokatwa kwenye mteremko, jinsi unavyotambua nyayo mpya kwa umande uliovunjika, na kwa nini mtu hasemi karibu na sokwe wanaokula. Watoto hawakuitazama kadi tena, walimtazama yeye. Maelezo yake yalichukua muda mrefu kuliko hadithi yote iliyobaki, na bibi akaendelea na kadi ya sita kana kwamba ndivyo ilivyopangwa.

Saa tatu usiku taa zilizimwa kwa muda na mwalimu akazionyesha Vega na Altair. Mama mmoja alinyoosha kidole kwa binti yake mkubwa, aliyezaliwa mwaka 1999, na kikundi kizima kikampigia makofi.

Jumamosi, 13 Julai

Bustani imekaguliwa na kukabidhiwa ikiwa safi. Mianzi imetolewa kwa mfugaji wa kuku anayejenga uzio, na vipande vya matakwa vimerudishwa kwa watoto waliovitaka.

Visanduku viwili vitakaa katika shule ambako kadi zilichorwa, na msimulizi yeyote anaweza kuviazima kwa kuandika jina lake daftarini. Cha tatu amekiomba kijana wa banda la video, ambaye sasa anafungua jioni za Jumamosi kwa watoto kwa kadi kabla ya filamu, na kamati imempa bila sharti lolote isipokuwa kutunza kadi zisilowe.

Binti wa darasa la sita ameanza leo kuchora upya kadi ya tano. Mzee Mtongwe amekubali kukaa naye Jumamosi ijayo kumwelekeza umbo la panga, namna mzigo unavyofungwa na upana wa njia. Ikikamilika, itanakiliwa kwa seti zote tatu, na seti ya nne itatengenezwa kwa ajili ya shule moja ya Wilaya ya Uvinza, upande wa Mahale.